Mashine ya Njano Iliyo Stoo

Mghoi mwanangu,

Ya hujambo sijambo tuyaache, maana chai ya asubuhi tumekunywa meza moja na nimekuona hujambo, ila umekuwa kimya. Una haki. Jumapili uliingia stoo kutafuta sanduku la bati la kupakia vitabu vyako, ukatoka umekumbatia mashine ya njano ya kuchomelea, vumbi limekujaa mpaka kwenye nyusi, unacheka. Ukasema, "Baba, kumbe tuko na welding machine na hujawahi niambia? Hii naenda nayo Marsabit. Itanitosha kabisa kwa zile kazi zangu za wikendi." Nami nikakufokea kama mwizi. Nikakunyang'anya, nikairudisha nyuma ya magunia, nikasema hiyo ni takataka na mtu asiiguse. Tangu uzaliwe hujawahi kunisikia nikipaza sauti vile. Ulibaki mlangoni mikono bado iko wazi, na mimi nikapita kando yako bila kukutazama.

Jumatatu ukaniuliza tena, kwa upole, kwa sababu wewe hujui kuweka kinyongo. "Sawa Baba, kama ile ni mbovu, nichagulie nyingine. Mtu wa kuchomelea mara moja moja tu, anunue gani?" Nilitoka nikaenda kuangalia kuku, na kuku wenyewe tunao watatu. Barua hii ndiyo jibu. Leo umepanda mlimani Chawia kumuaga mjomba wako Mwakio, utarudi jioni, na kesho asubuhi unaenda zako Marsabit kuanza kazi. Nina mchana huu tu.

Mambo ya blanketi, ya dawa na ya kuchemsha maji, shangazi yako amekuimbia wiki nzima. Mimi niachie mashine.

Kwanza, usinunue ile unayoitaka. Nakujua. Umerithi kwangu ugonjwa wa kupenda kitu chenye namba kubwa. Ukiingia hadiwea yoyote hapa Voi utazikuta zimepangwa kwenye rafu, nyekundu, njano, buluu, kila moja imeandikwa ubavuni ampea mia mbili hamsini, mia tatu, na kijimashine chenyewe unakibeba kwapani kama mkate. Hiyo namba ni jina tu. Mtu anaweza kuitwa Simba na anaogopa panya. Ile ya kwetu imeandikwa mia mbili hamsini, na ndani haina pumzi hata nusu yake. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge kwa miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo kwenye gunia. Nilifungua magunia ya watu wote, nikawasumbua madereva mpaka wakanichukia. Siku ya kununua kitu changu mwenyewe nikasoma ubavuni, nikaamini.

Nilimwambia mwenye duka aichomeke kwenye stima nijaribu. Akaniambia, "Mzee, hii ni mpya kabisa. Ukijaribu hapa, kesho nitamuuzia nani?" Nikaona aibu, kana kwamba nimemwomba mtu anionyeshe chumba chake cha kulala. Wewe usione aibu. Beba vipande viwili vya chuma kwenye mkoba, beba na vijiti vyako vya kuchomelea, umwambie muuzaji huondoki mpaka uone vimeshikana. Akikataa, mwache na mashine yake.

Pili, uliza inaweza kuchoma dakika ngapi katika kila kumi kabla haijachoka. Hizi za watu wa wikendi hazikuumbwa kukimbia kutwa. Nyingi zinachoma dakika tatu, saba zinapumzika. Kwako si kitu, wewe unatengeneza ndege wa chuma wa kupamba. Unachoma, unatazama, unakunywa chai, unachoma. Sijawahi kukuambia, lakini yule kanga uliyemuunda chuoni kwa nati na minyororo ya baiskeli, ukamweka pale dirishani, ninamtazama kila asubuhi. Shingo umeipata sawasawa. Rafiki yako alipokuja Krismasi akakuomba umfanyie ndovu, ukamwambia, "Huyo simtengenezi," ukabadilisha mazungumzo. Nilikuwa naosha mikono kwenye beseni hapo nje. Nilisikia. Niliendelea kuosha mikono iliyokwisha kutakata.

Nimefika pale nilipokuwa napakimbia. Ngoja niende polepole.

Unakumbuka maji ya Voi wakati wewe uko darasa la sita. Yalikuwa yakija mara moja kwa wiki, wiki nyingine hayaji kabisa, na mama yako alikuwa akiamka kabla ya jogoo kwenda kupanga mitungi kwenye kioski. Alikuwa na ule uvimbe wa goti. Hakulalamika, lakini akikaa alikuwa anaunyoosha ule mguu juu ya kigoda kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kila nyumba hapa mtaani Ikanga iliyojiweza ilikuwa imeinua tangi. Nikasema na sisi tutainua letu.

Kule kwenye shamba la mkonge tulikuwa na fundi wa karakana, Musyoka, Mkamba mmoja mpole mwenye vidole vyenye makovu. Saa ya chakula nilikuwa napenda kwenda kumtazama anavyochomelea. Mimi mtu wa kalamu, Mghoi, hujui jinsi nilivyomwonea wivu yule mtu. Yeye akimaliza kazi anaigonga, inalia. Mimi nikimaliza kazi napiga mhuri. Ndipo nikanunua hii mashine ya njano, ya kujifurahisha, jioni nikitoka kazini. Nilitengeneza kigoda, kikasimama. Nikatengeneza ile stendi ya beseni ambayo bado iko bafuni. Nikaona nimeshakuwa fundi.

Nilipomwambia Musyoka nataka kuunda stendi ya tangi, akaacha kula. Akasema, "Karani, hiyo mashine yako ni ya kushona madirisha. Tangi la maji si dirisha. Niletee hizo vyuma hapa Jumamosi, mimi nikufanyie na wewe ushike upande ule mwingine." Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria kitu. Mjomba wako Mwakio alikuwa amenitania ukweni, mbele ya ndugu zao wote, tukila kimanga kwenye mahari ya dada yao mdogo: "Shemeji yetu ana mikono ya karani, hata msumari akigonga lazima auandikie barua kwanza." Watu walicheka mpaka wakaweka sahani chini. Mama yako pia alicheka, akajificha na leso. Ningempelekea Musyoka vyuma, na stendi isimame, Mwakio angeuliza nani ameiunda. Hilo ndilo lililonizuia, mwanangu. Hakuna lingine. Nimelitafuta lingine kwa miaka kumi na miwili, nikalikosa.

Sasa sikiliza jambo la stima, kwa sababu huko unakoenda utakuwa mwisho wa laini kama sisi, au pengine kwa jenereta. Mashine ya kuchomelea inakula. Nilikuwa nachoma jioni, saa moja, saa mbili, wakati Ikanga nzima imewasha taa, televisheni na majiko, na stima imebaki nyembamba kama uzi. Taa ya jikoni kwetu ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Halafu nikavuta waya kutoka sebuleni mpaka uani, waya mwembamba wa redio, mrefu, umekunjwakunjwa. Kilichofika kwenye kijiti kilikuwa ni mabaki. Cheche zinaruka, moshi unapanda, chuma kinayeyuka juu, mimi naona ninafanya kazi. Na chuma chenyewe kilikuwa kinene, vile vya pembe, vya miguu ya stendi. Moto mdogo juu ya chuma kinene unalala juu yake tu, hauingii. Ukimaliza, ukigonga lile ganda linaloachwa na kijiti, unaona mstari mzuri kabisa, umepangika vizuri. Mama yako alipitisha kidole akasema, "Baba Mghoi, umeshona kama cherehani."

Kwa hiyo ukinunua, nunua ile ambayo muuzaji atakuonyesha inachoma hata stima ikishuka. Ziko. Si lazima iwe kubwa. Ndogo yenye ukweli, ya ampea mia na arobaini hivi au mia na sitini, za kweli, inamtosha mtu wa ndege na vigoda na vijiti vyembamba. Waya wa kuongezea uwe mnene na mfupi, na usiuache umejikunja. Na kile kibano cha arthi, cha waya unaorudisha stima, kikwaruzie chuma mpaka king'ae, usikibane juu ya rangi au kutu. Nilikuwa nakibana popote.

Nilipaka stendi rangi ya kijani siku ileile niliyomaliza. Nilikuwa na haraka ya kuona uzuri wake. Musyoka huwa anavunja kwanza. Anachukua vipande viwili vya chuma kilekile, anaviunganisha kwa mashine ileile, anavibana kwenye jiliwa la karakana na kuvipiga nyundo mpaka viachane, halafu anatazama ndani. Kama ndani kumeyeyuka, anaanza kazi. Kama ndani ni kama kulivyotoka dukani, anazima mashine na kwenda nyumbani. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na nilifikiri ni mchezo wa mafundi.

Mwakio akaja kuitazama. Nilipanda juu mwenyewe, nikarukaruka mbele yake na suruali yangu ya kazini. Stendi haikutikisika. Akapiga makofi, akasema, "Kumbe karani ana mikono!" Nilikuwa na furaha siku hiyo, Mghoi. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote niliyopigiwa makofi kanisani. Tukapandisha tangi jeusi la lita elfu moja, tupu, jepesi, watu wawili tu tulilibeba. Tukaunga mfereji chini.

Na maji hayakuja. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka sijui wapi, karibu miezi miwili mji mzima unanunua maji kwa mikokoteni. Stendi ilisimama pale na tangi tupu, watu wanaisifu. Mtu wa mji mwingine angejaza tangi siku ileile, na kitu kingeanguka mchana mbele yetu sote, tungecheka. Sisi tulingoja. Kungoja huko kulinipa uhakika. Kila asubuhi nikiiona imesimama nilisema, si unaona.

Ulikuwa likizoni kwa bibi yako mlimani wakati ule. Usiku wa kuamkia Ijumaa ndovu walipita hapa nyuma, wanne hivi, wakavunja ua wa jirani, wakala mahindi yake machache, wakaenda zao upande wa mbuga. Hilo ni kweli. Nyayo zao zilifika mpaka kwenye kona ya kiwanja chetu. Jumamosi jioni maji yakaja. Mama yako alisikia bomba likikohoa, akapiga kigelegele kama yuko harusini. Yaliingia usiku kucha, polepole, mpaka tangi likafurika. Lita elfu moja za maji ni tani nzima. Mimi karani nilijua hesabu hiyo, na haikunijia.

Alfajiri nilikuwa nanyoa ndevu nijiandae kwa kanisa. Akaniita kutoka nje, "Baba Mghoi, njoo uone, tangi limejaa! Leo sitoki!" Alikuwa amesimama chini, pale penye mfereji, na ndoo ya buluu. Nikamjibu nakuja. Nilikuwa bado nina povu upande mmoja wa uso.

Sitakuandikia sauti niliyoisikia. Nilitoka na lile povu. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa umeachana na fremu ya juu, mingine ikafuata. Mama yako alikuwa chini ya tangi, hana pumzi tena. Majirani walifika kabla sijapata akili, na mtu mmoja, hata simkumbuki ni nani, akaziona zile nyayo penye kona akasema, "Ni ndovu. Lazima aliegemea hii kitu juzi akailegeza." Wakaitikia wote. Ndovu, ndovu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, nikasikia neno hilo likipita juu ya kichwa changu kutoka mdomo hadi mdomo, na sikulikataa. Maafisa wa wanyamapori walipokuja na fomu zao niliwaambia sitaki fidia, waende. Watu wakasema nina uchungu. Nilikuwa nao, lakini si huo ulionizuia kutia sahihi.

Mwakio alishuka kutoka Chawia mchana huohuo. Alizunguka, akaokota ule mguu wa stendi. Akapitisha kidole pale ulipoachana. Ndani ya kiungo, mwanangu, kutu ya dukani ilikuwa bado ipo. Chuma hakikuwa kimeyeyuka hata kidogo. Lilikuwa tabaka tu juu, na rangi yangu ya kijani. Akaniangalia akasema, "Shemeji, hii haikushika." Akauweka chini taratibu, karibu na ukuta, akaingia ndani kwa dada yake. Hajanitania tena tangu siku hiyo.

Wewe uliletwa kesho yake. Ningeweza kukwambia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umevaa ile sweta ya shule kwa sababu hukuwa na nguo nyeusi, ukanishika mkono kaburini ukauliza, "Baba, ni nini kilimfanyia Mama hivi?" Wengine walikuwa wamekisia tu. Wewe ulikuja kuniuliza mimi. Na nikakujibu kwa mdomo wangu, "Ni ndovu."

Hapo ndipo nilipokupoteza, na wewe hukujua kwamba umepotea. Umekua unawachukia wanyama ambao hawakukukosea. Ukiwasikia usiku nyuma ya nyumba unafunga dirisha na meno yako yamekazana. Nami nimekaa sebuleni nikijua. Umenisifu kwa watu eti nilikulea peke yangu, eti sikuoa, eti baba yangu ni mtu wa kujinyima. Kila sifa uliyonipa imenichoma, nikaitikia asante.

Sasa nije kwenye jambo ambalo umeniomba mara tatu. Ulipoenda kidato cha kwanza bibi yako alikuambia uniombe nikutasie, yaani nikubariki. Ulipoenda chuo ukaniomba mwenyewe. Na juzi tena. Kila mara nikakujibu kwamba sisi ni watu wa kanisa, mambo ya kutema maji ni ya wazee wa zamani. Ukaniona mlokole mgumu. Mwanangu, hata mzee wa kanisa letu huwatasia wajukuu wake, anamwita Bwana katikati yake na maisha yanaendelea. Si kanisa lililonikataza. Unajua kanuni yake, bibi yako alikufundisha: mzazi anatia maji kinywani, anayatoa nje mbele ya mtoto, na kwa maji hayo anatoa kila kilichomo moyoni, hasira, kinyongo, jambo lililofichwa, ili mtoto aende njia nyeupe. Ukificha hata moja, bibi yako alikuwa akisema, hayo si maji, ni mate tu. Niliogopa kukutemea mate. Na niliogopa zaidi kwamba ningefungua kinywa na jambo lenyewe likatoka.

Mjomba wako naye hajawahi kukutasia, na najua umeliona hilo ukaumia, ukadhani hakupendi. Jana nilimpigia simu kumwambia unapanda kwake. Akaniambia, "Mtoto wa dada yangu atakula kwangu, atalala akitaka. Lakini maji simpi, shemeji. Siwezi kumtasia juu ya uongo. Mwambie, halafu mje wote wawili." Kwa hiyo leo atakupa kuku, atakupa parachichi za kubeba, na ukimwomba atakuambia umuulize baba yako. Utashuka mlima na swali hilo. Ndiyo maana naandika kwa haraka, na mwandiko umekuwa wa kuku.

Usidhani nakuandikia ili unisamehe. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa wewe, nisingeweza. Nimejaribu kuliangalia kwa upande wako, nikaona msichana ambaye alimzika mama yake mara moja na leo anamzika tena, na safari hii mwenye koleo ni baba. Sina tumaini kubwa. Nimekaa na jambo hili muda mrefu mno hata kulisema hakuniponyi, kama jino lililong'olewa na maumivu yakabaki. Nilifikiri nikiandika nitapumua. Sijapumua. Lakini uliishika ile mashine Jumapili ukiwa unacheka, ukataka kuondoka nayo ukaunganishe vitu vya watoto wa watu, na nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimejenga stendi ya pili.

Basi mashine, nimalizie ulichoniuliza. Usibebe ya njano. Nimeshaitoa nyuma ya magunia, nimeikata waya, imekaa pale uani juani ili usije ukadhani niliificha tena. Kanunue ndogo, nyepesi, isiyojisifu. Nunua na barakoa ya kioo kizuri, ile inayojitia giza yenyewe. Zile miwani za jua mafundi wanazovaa ni za harusini. Vijiti uviweke pakavu. Vunja kwanza, utazame ndani, ndipo upake rangi. Tengeneza kanga, tengeneza kigoda cha mtu kukalia, kikivunjika ataanguka hapo hapo na kucheka. Lakini kitu chochote kitakachobeba uzito juu ya kichwa cha mtu, mpelekee mtu wa kazi hiyo, na wewe ushike upande ule mwingine. Hakuna aibu. Ningeshika ule upande mwingine, jioni hii angekuwa jikoni anakupikia.

Na ukiweza, siku moja, mtengeneze ndovu. Sikuamrishi. Sina mdomo huo.

Umewahi kuniuliza kwa nini miaka yote hii tunaweka maji kwenye mitungi, na hata nyumba za kupanga zina tangi. Sasa unajua. Nimechota kikombe kimoja kutoka kwenye mtungi wa jikoni, kile kikombe cha bati chenye ua, cha mama yako, nimekiweka mezani juu ya barua hii. Kesho utakapobeba mizigo mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi nje, kando ya mlango. Ukinipa kikombe mkononi, nitakutasia, na kwa mara ya kwanza yatakuwa maji. Usipotaka, usiseme kitu, yamwage pale stendi ilipokuwa, karibu na ukuta, upite. Nadhani utayamwaga. Nimejiandaa kwa hilo, nitakusaidia sanduku mpaka barabarani vilevile.

Mimi niliyesema ni ndovu,
baba yako.